Fimbo za gofu za kampuni tofauti kwenye mfuko mmoja

Mfuko wenye chuma (fimbo za namba) za Ping, weji (fimbo za mapigo mafupi) za Cleveland na pata (ya kusukumia mpira shimoni) ya kampuni nyingine kabisa si ushamba. Wachezaji wengi wa kulipwa hubeba mchanganyiko wa namna hiyo. Mchanganyiko unaharibika pale mtu anapopanga fimbo kwa kuangalia namba zilizochongwa chini ya kichwa.

Hakuna kanuni inayosema namba 7 lazima iwe na lofti (pembe ya uso wa fimbo kulala nyuma) ya nyuzi fulani. Namba 7 ya Titleist T100 ina nyuzi 34. Namba 7 ya Ping G430 ina nyuzi 29. Na namba 6 ya hiyo T100 ina nyuzi 30, kwa hiyo "saba" ya Ping uso wake umesimama zaidi kuliko "sita" ya Titleist. Jamaa akikutambia kwamba saba yake inafika mbali kuliko yako, muulize kwanza nyuzi ngapi.

Shida kubwa inajitokeza mwisho wa seti. Weji ya P (pitching wedge, inayofuata namba 9) ya G430 ina nyuzi 41, ile ya T100 ina 46. Ukinunua G430 hadi P, kisha ukaongeza weji moja ya mtumba ya 56, umeacha pengo la nyuzi 15 katikati. Hapo kuna umbali mzima ambao huna fimbo yake, na ni umbali wa karibu na shimo, ambako alama nyingi hupotea. Itabidi upige P nusu nusu, kazi ambayo hata wazoefu hawaipendi. Pengo zuri kati ya fimbo na fimbo ni nyuzi 4 au 5. Baada ya P ya 41 tafuta 46, 51 na 56, za kampuni yoyote. Baada ya P ya 46, 51 na 56 zinatosha. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, andika lofti ya kila fimbo kwenye karatasi, ukitumia jina kamili la modeli na mwaka wake, maana kampuni ileile hubadilisha nyuzi kutoka toleo moja hadi jingine.

Majedwali ya umbali ya kampuni yasikusumbue sana huku kwetu kanda ya ziwa. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unaruka mbali zaidi kwa kama asilimia 4. Pigo la mita 150 Dar linakaribia 156 Kisumu au Entebbe. Nafasi kati ya fimbo na fimbo haiharibiki kwa sababu hiyo, ila usikariri mita za ziwani ukazitegemea ukienda kucheza klabu ya Gymkhana ya Dar.

Baada ya lofti, angalia mpini. Mipini ya chuma ya namba za kati huanzia kama gramu 95 hadi 130, ya grafaiti mingi ni 50 hadi 80. Mipini ya Nippon 950 na Dynamic Gold yote ni chuma, yote inaweza kuandikwa S (ugumu wa mpini; R ni laini zaidi), lakini inapishana zaidi ya gramu 25, na mkono unaisikia tofauti hiyo. Herufi R na S nazo kila kampuni inazipima kwa namna yake. Njia rahisi: weka fimbo kwenye mizani ya kidijitali ya jikoni. Kadiri fimbo inavyokuwa fupi ndivyo uzito wote unavyopaswa kupanda kidogo kidogo. Namba 8 ikiwa nyepesi kuliko namba 6, pengine mpini mmoja umebadilishwa. Urefu nao hupungua nusu inchi kwa kila namba, na saba ya mwanaume huwa karibu inchi 37.

Pembe ya mpini na ardhi watu huisahau. Ping huweka nukta ya rangi: nyeusi ni kawaida, bluu mpini umesimama zaidi, nyekundu umelala zaidi. Kupima, chora mstari wima nyuma ya mpira kwa maka peni, upige, kisha soma alama kwenye uso wa fimbo. Juu ya alama ikiegemea ncha ya kichwa, mpini umesimama mno, na kwa mpiga wa kulia mpira utaelekea kushoto. Ikiegemea upande wa mpini, umelala mno. Vichwa vya kufuliwa (vya chuma kilichogongwa) fundi anavikunja nyuzi 2 kurekebisha pembe hiyo bila taabu. Vya kumimina kwenye kalibu fundi asiyevijua anaweza kuvivunja.

Weji huandikwa kama 56.10. Hamsini na sita ni lofti, kumi ni baunsi, yaani kiasi ambacho kitako kinazuia makali yasizame. Kwenye ardhi kavu ya Juni hadi Agosti, 6 hadi 8 inatosha. Masika, nyasi zikilowa na mchanga ukiwa laini, 10 hadi 14 inakuokoa. Ukinunua moja tu, chukua 10.

Draiva, fimbo ndefu ya pigo la kwanza, usiichanganye vipande. Adapta (kiungo cha mpini na kichwa) ya TaylorMade haiingii kwenye kichwa cha Callaway, kwa hiyo mpini wa bei poa unaouzwa peke yake unaweza kukulalia nyumbani bila kazi.

Ukiwa Mwanza, fimbo nyingi utaziona kwanza kwenye picha za WhatsApp. Omba picha ya mifereji ya uso kwa karibu: ukucha usiponasa, weji hiyo imekwisha. Omba picha ya pete nyeusi ya plastiki juu ya kichwa. Ikiwa imepanda na kuacha mwanya, gundi inaachia, na hiyo hutokea sana kwa fimbo zinazolala kwenye buti la gari juani. Omba pia video ya kichwa kikitikiswa, usikie kama kuna kitu kinachogonga ndani. Gripu (mpira wa kushikia) iliyokauka isikutishe, maana inabadilishwa kwa kisu, plasta ya pande mbili na thina kidogo, lakini ipunguze kwenye bei. Na hesabu: mwisho ni fimbo 14 mfukoni.