Jinsi nilivyopima vinyunyizio vya moto nyumbani kwangu Mtwara kabla ya kuvikubali

Ushauri nilioupata kwa watu wengi, wakiwamo wanaolipwa kwa kazi hiyo, ni kwamba mfumo wa vinyunyizio vya moto, yaani mabomba ya maji yenye vichwa vinavyojifungua vyenyewe na kunyunyiza maji chumba kikiungua, ukishafungwa darini na geji ya presha ikasimama pale ilipowekwa, kazi imekwisha na mwenye nyumba alipe. Lau ningeufuata, leo ningekuwa na mabomba ya gharama kubwa juu ya kitanda cha mama yangu, yenye maji ndani yake, lakini yasiyo na nguvu ya kuuzima moto wa godoro. Ninaandika haya kwa sababu nyumba za kuishi zenye mfumo huu ni chache huku kwetu kusini, na mwenye nyumba anayetaka kujua kama wake unafanya kazi hana jirani wa kumuuliza.

Mama yangu hawezi kutembea bila kubebwa. Chumba chake kiko nyuma ya nyumba, dirisha lake lina nondo, na njia pekee ya kumtoa inapita mbele ya mlango wa jikoni. Namba 114 ya Zimamoto nimeibandika ukutani na kila mtoto wa nyumba hii anaijua, lakini godoro la sponji likishika moto, chumba hakikaliki ndani ya dakika chache, kabla gari lolote halijafika. Wanaosema vinyunyizio ni anasa ya mahoteli hawajui kwamba Marekani ina kanuni maalumu ya vinyunyizio vya nyumba ndogo, NFPA 13D, tangu mwaka 1975, na kwamba Wales imevidai katika kila nyumba mpya tangu 2016. Hawajui pia kwamba kila kichwa hufunguka peke yake. Kichupa chake cha kioo kina kimiminika kinachotanuka kwa joto mpaka kioo kinapasuka, na hapo maji hutoka katika chumba kinachoungua tu. Moshi hauvifungui, kwa hiyo king'ora cha moshi bado kinahitajika.

Ufungaji wenyewe sitaueleza, kwa kuwa fundi bomba yeyote mzuri anaweza kusoma mchoro. Nitasema mawili tu. La kwanza, kabla ya vichwa kufungwa, acheni maji yapite kwa nguvu katika mabomba yote mpaka yatoke safi. Kwetu yalitoka na chenga za chuma, vipande vya katani na kokoto moja iliyotosha kuziba tundu la kichwa. La pili, tazameni rangi ya vichupa. Vyekundu hupasuka kwenye nyuzi joto 68 na vinafaa pale ambapo joto la kawaida darini halizidi 38. Stoo yetu haina dari, iko chini ya mabati matupu, na kipimajoto nilichokining'iniza pale juu adhuhuri kilizidi hapo bila taabu. Nikaamuru vichupa vya njano, vya nyuzi 79, viwekwe stoo, ingawa niliambiwa kwamba vyote ni sawa.

Jaribio la presha ndilo lililonifanya niache kuamini maneno matupu. Mtu mmoja alipendekeza tutumie kompresa ya kujazia matairi ili tusipoteze maji, na nilikataa papo hapo, kwa sababu sehemu ya mabomba yetu ni ya plastiki, na bomba la plastiki likipasuka likiwa na hewa iliyobanwa, vipande vyake huruka kama risasi. Tulijaza maji, tukatoa hewa kwenye ncha za mbali, kisha fundi akapandisha presha kwa pampu ya mkono hadi baa 10 (baa ni kizio cha presha). Kanuni ya nyumba ndogo hutosheka na presha ya kawaida ya kazi, lakini nilitaka nafasi ya ziada. Hiyo ilikuwa saa 3 asubuhi. Ilipofika adhuhuri aliniita kwa furaha.

“Mama, njoo uone mwenyewe. Haijashuka hata kidogo, tena imepanda.”

Nilisimama mbele ya geji ile nikaangalia sindano, na kweli ilikuwa imepita alama ya kalamu tuliyoiweka asubuhi. Wote waliokuwapo walifurahi isipokuwa mimi, kwa maana hakuna aliyekuwa ameugusa mpini wa pampu. Presha haipandi yenyewe bila kusukumwa na kitu, na kitu pekee kilichobadilika tangu asubuhi kilikuwa jua juu ya mabati. Maji yaliyofungiwa ndani ya bomba yakipata joto hutanuka, na yakikosa pa kwenda huipandisha presha. Kama kulikuwa na tone linalovuja mahali fulani, jua lilikuwa likilifidia kila lilipotoka. Nilimwambia fundi kwamba sikubali kipimo kile na kwamba tutarudia saa 11 alfajiri, wakati dari na maji vina joto moja, kwa saa 2 kamili, nasi tuwe tumemaliza kabla jua halijapata nguvu.

Hakupenda, lakini alikuja. Jua lilipoanza kuchomoza sindano ilikuwa imeshuka kiasi cha kuonekana na mtu aliyesimama mlangoni. Kupata tundu lenyewe kukawa kazi nyingine, maana tone dogo juu ya dari hukauka kabla halijaonekana. Nilichukua karatasi za chooni, nikazipanda ngazi mimi mwenyewe, nikafunga kipande kikavu kuzunguka kila kiungo, kisha tukapandisha presha tena na kusubiri. Karatasi moja, kwenye kiungo cha njia tatu juu ya korido, ilikuwa na doa lenye ukubwa wa ukucha. Uzi wa bomba ulikuwa umekatwa vibaya na tepu imerundikwa kuficha kosa. Kipande kilitolewa, uzi ukakatwa upya, na alfajiri iliyofuata sindano haikuondoka kwenye alama. Wanaopima mchana chini ya mabati ya Mtwara wanapima jua.

Baada ya hapo fundi rangi aliipaka dari, na katika chumba cha mbele aliipitisha brashi juu ya vichwa pia, kwa kuwa aliona ni vyuma visivyopendeza. Nilipomulika tochi niliona utando mweupe juu ya vichupa. Rangi huchelewesha joto kufika kwenye kioo na inaweza kugandisha sehemu zinazopaswa kuachia, na kichwa kilichopakwa rangi hakisafishwi kwa tina wala kwa kisu, hubadilishwa. Niliagiza vingine Dar es Salaam, nikakagua kila kimoja kwa tochi kabla ya kufungwa. Ndani ya kichupa kizima kuna kiputo kidogo cha hewa kinachotembea ukikigeuza kichwa. Kichupa kilichopungukiwa kimiminika kimepata ufa na hakifai. Hakikisheni pia kwamba vile vifuniko vya plastiki vinavyolinda kioo safarini vimetolewa, na kwamba fundi anatumia spana ya vichwa, wala si spana ya bomba inayobana mikono ya kichwa na kuipinda.

Vile vilivyoharibiwa na rangi sikuvitupa, na ninaona fahari juu ya nilichovifanyia. Kichwa ni tundu lenye kipimo. Karatasi ya mtengenezaji hutaja namba ya K, kwetu ni 70, maana yake lita zinazotoka kwa dakika ni 70 mara kipeuo cha pili cha presha iliyo pale kichwani, kwa baa. Nilivunja kichupa, nikamwambia fundi akate kwa msumeno mikono na kisahani kinachotawanya maji, ikabaki shingo yenye uzi na tundu lake lile lile. Tulivifunga viwili hivyo mahali pa vichwa vya chumba cha mama, ambavyo ndivyo vya mbali zaidi na tangi, tukavivalisha mabomba ya plastiki mapana ya inchi 2 yasiyobana maji, tukayatoa dirishani kati ya nondo hadi kwenye pipa la lita 200 uani. Hapo nikawa na moto wa bandia wenye vichwa viwili vilivyofunguka, na saa ya simu mkononi.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Kanuni niliyoitaja, katika matoleo yake ya zamani, ilitaka angalau lita 49 kwa dakika kutoka kila kichwa, vikifunguka viwili, na lita 68 kikifunguka kimoja, nami nilizifuata namba hizo. Vichwa viwili hutoa lita 98, kwa hiyo pipa la lita 200 lijae kwa dakika 2 hivi. Kimoja peke yake kilijaze kabla ya dakika 3 kutimia.

Niliahidiwa kwamba tangi letu lililo juu ya mnara linatosha, na kwamba pampu ni kutupa pesa. Tulifungua koki. Maji yalitoka kwa utulivu, dakika 2 zikapita pipa halijafika hata nusu, na lilipojaa saa ilikuwa imepita dakika 4. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1, na maji ya tangi letu yako kama mita 4 juu ya dari, yaani baa 0.4 kabla msuguano wa mabomba haujachukua chake. Kwa presha hiyo, hata kichwa kimoja kisicho na msuguano wowote hakifiki lita 45. Geji ilikuwa imesimama imara siku zote hizo, kwa maana maji yaliyotulia hayana msuguano wa kupoteza, na ndiyo sababu ninasisitiza kwamba maji yatembee, yapimwe yakitembea, na yapimwe kwenye ncha ya mbali.

Pampu iliwekwa. Pipa lilijaa kabla ya dakika 2, fundi akashangilia kwa sauti, na nikaenda kuzima meini swichi maji yakiwa bado yanatoka. Pampu ilinyamaza. Umeme wa nyumba inayoungua haupaswi kutegemewa, na hata usiku wa kawaida unaweza kukatika. Genereta dogo tuliloazima lilizima kila pampu ilipotaka kuanza, kwa sababu mota huhitaji wakati wa kuanza mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, jambo ambalo muuzaji wa genereta huwa halitaji. Tuliishia kununua inveta na betri zenye uwezo wa kubeba mshtuko huo, pampu ikapewa waya wake wa peke yake, na jaribio la mwisho nililifanya nyumba nzima ikiwa giza. Pipa likajaa kwa wakati.

Jambo moja bado lilinikosesha raha. Kanuni kwa kawaida hutaka maji ya dakika 10, kwetu ni lita 980, na tangi letu la lita 2,000 ndilo hilo hilo la kufulia na kuogea, katika mji ambao maji ya bomba huja kwa mgawo. Tungeweza kuwa na kila kitu kizuri na tangi tupu. Fundi alitoboa njia ya maji ya matumizi katikati ya tangi, juu ya alama ya lita 1,000, na kuziba ile ya zamani ya chini, ikabaki ya pampu tu. Sasa koki za jikoni zikikauka tunajua kwamba nusu ya chini ipo. Hilo halikugharimu chochote cha kutaja, na ningelishauri hata kwa mtu ambaye hatapima kitu kingine.

Gharama zote zilikwenda milioni kadhaa, na inveta na betri zilikula kama theluthi. Kengele ya swichi ya mtiririko, ile inayolia maji yakitembea bombani, tulilazimika kuichelewesha sekunde chache, kwa kuwa ilikuwa ikilia kila pampu ilipoamka. Wenye korosho niwaambie wazi kwamba mfumo wa namna hii hauundwi kwa ajili ya ghala. Ganda la korosho lina mafuta yanayowaka vikali, na magunia yaliyopangwa hadi darini huuzuia mnyunyizo hata yakiwa ya mchele. Msimu ukifika mwezi wa kumi, kwetu magunia hayalali ndani ya nyumba, na kilichomo stoo kinabaki angalau sentimita 45 chini ya vichwa.

Koki kuu imefungwa kwa mnyororo ikiwa wazi, ili mtoto au fundi mwingine asiifunge akidhani ni ya bafuni, na kila mwezi ninafungua koki ya majaribio mpaka pampu iwake na kengele ilie. Vile vichwa viwili vilivyokatwa ninavihifadhi pamoja na spana na vipuri. Fundi amekwisha kuviazima kwa nyumba moja ya Lindi, na yeyote mwingine wa huku anayekaribia kukabidhiwa mfumo wake ninaweza kumwazima, mradi vichwa vyake viwe na namba ya K ile ile ya 70, kwa maana tundu la kipimo kingine litampa jibu la uongo.