Wakizitengeneza Nyavu Zao

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili kinachonilemea ni hesabu. Kila mwandishi wa kanisa anayeandaa taarifa ya mwaka anaijua ile sehemu inayomtoa jasho: majina kwenye rejesta ni mengi, watu kwenye mabenchi ni nusu yake, na hakuna anayeweza kusema nusu nyingine iko wapi. Safu ya waliobatizwa hujazwa kwa furaha. Safu ya waliotoka huachwa wazi, au huandikwa "wamehama", basi. Wamehamia wapi? Nani aliwasindikiza?

Fungueni Marko 1. Mstari wa 17 tunaupenda, "nitawafanya kuwa wavuvi wa watu", tunauchapisha hata kwenye fulana za mkutano wa injili pale viwanja vya Furahisha, hapa Mwanza. Shukeni hadi wa 19. Yesu anawakuta Yakobo na Yohana chomboni "wakizitengeneza nyavu zao". Huo haujawahi kuchapishwa kwenye fulana.

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa sana. Dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu ya kumvuta dagaa, mitumbwi hupandishwa mchangani, na siku hizo za mbalamwezi ndizo siku za nyavu: zinafuliwa, zinaanikwa, zinashonwa. Mgeni akipita Igombe au Kayenze wakati huo atadhani watu wamepumzika. Hawajapumzika. Wavu ulioingia giza jipya na matundu ya giza lililopita utamchosha mwenye nao bure.

Na anayejua kushona wavu haanzi kwa kushona. Anautandaza na kuupitia wote, kwa sababu tundu analoliona kwanza si lazima liwe ndilo linalopitisha samaki. Kisha anakata: nyuzi zilizochakaa kuzunguka tundu zinaondolewa mpaka afike kwenye fundo zima, la sivyo uzi mpya utafungwa kwenye uzi uliooza, na usiku wa kwanza utaachia. Ndipo anaingiza sindano, na kila jicho jipya la wavu analipima lilingane na majirani zake. Akilikaza mno, uzito wote unakuja pale na wavu unachanika pembeni ya kiraka. Akililegeza, ameacha mlango.

Lile neno la Kigiriki ambalo Marko analitumia kwa nyavu, Paulo anatumia la mzizi uleule katika Waefeso 4:12 anaposema "kuwakamilisha watakatifu", na tena katika Wagalatia 6:1, "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole". Kutengeneza wavu, kumkamilisha mtakatifu, kumrejeza aliyeanguka: kwa mitume ni kazi moja. Basi tunapouliza kwa nini ushirika haukui, tusikimbilie kupanga mkutano mwingine wa injili. Tutandaze wavu kwanza.

Kuutandaza ni kuhesabu kwa haki. Makanisa ya mialoni, kwenye maegesho ya mitumbwi, na ya visiwani yana mahudhurio yanayokwenda na mwezi, maana mbalamwezi wavuvi wako nchi kavu, na wakati wa giza wako ziwani. Ukihesabu Jumapili ya mbalamwezi utaimba haleluya. Ukihesabu ya giza, utatangaza mfungo. Zote mbili zinakudanganya. Hesabu Jumapili 12 mfululizo, maana hizo zinakaribia miandamo mitatu ya mwezi, kisha tafuta wastani. Ahesabu mtu yuleyule, wakati uleule, mahubiri yanapoanza, wanaume, wanawake, vijana na watoto kila kundi peke yake, na kwaya isihesabiwe mara mbili ikishuka jukwaani. Walio jirani na Malimbe watenge pia majuma ya likizo ya chuo, la sivyo watalia kila wanafunzi wakifunga.

Baada ya hapo chukua orodha ya waliobatizwa miaka miwili iliyopita, uisome jina kwa jina mbele ya wazee: huyu yuko wapi? Tuseme walibatizwa 40 na leo mnawaona 10. Wenzenu wa mtaa wa pili walibatiza 15 na wanao 12. Mlipiga picha nyingi kuliko wao siku ya ubatizo pale ziwani, lakini wao wamewazidi uvuvi. Petro alipovuta jarife, ule wavu mkubwa, lenye samaki 153, Yohana hakuishia kwenye idadi. Aliongeza kwamba jarife halikupasuka.

Na lile ongezeko la watu waliotoka kanisa la jirani kwa sababu spika zetu ni mpya, tusiliite ukuaji. Samaki amehamishwa mtumbwi. Ziwani hakuna kilichobadilika.

Matundu yenyewe yanajulikana, ukiwa na moyo wa kuyatazama. Kuna familia iliyokimbia kodi ya Kirumba ikajenga Buhongwa au Kisesa: nauli ya daladala kwa watu watano, kwenda na kurudi, kila Jumapili, ni unga wa siku kadhaa, na hakuna aliyeiunganisha na ushirika wa huko. Kuna kijana aliyemaliza kidato cha nne. Kwa watoto ametoka, kwa akina baba hajaingia, na tangu siku ya mahafali hana kiti chake. Kuna dada wa zamu za usiku kiwandani anayeitwa mvivu wa ibada. Kuna mama aliyejifungua, akatembelewa juma la kwanza, halafu kimya. Kuna aliyetengwa kwa kosa na kusomewa barua mbele ya kanisa, ila barua haikusema nani atamfuata wala lini atarudishwa; huyo hatukumrudi kwa upole wa Wagalatia 6, tulimtupa ufukweni. Wajane wa Matendo 6 nao walisahauliwa tu, hakuna aliyewachukia. Na mitume hawakusema "tutaombea jambo hilo". Waliagiza wachaguliwe watu 7, wakawapa kazi, na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea.

Lakini tundu kubwa, wapendwa, naomba mnivumilie hapa, ni bahasha ya michango.

Mkristo anaweza kukosa ibada miezi mitatu asipigiwe simu na mtu. Ila akiwa na ahadi ya mifuko mitano ya saruji ambayo hajaikamilisha, mwezi haupiti kabla simu haijaita. Namba yake imo kwenye daftari la ahadi. Kwenye daftari la kumjulia hali haimo, kwa sababu daftari hilo halipo. Mhazini anamjua kuliko mchungaji. Huyu mtu biashara yake ya dagaa imekufa, mvua imemnyeshea mzigo ukiwa bado chanjani, ukaoza, ana deni la watu mgongoni. Anaogopa kuja kanisani, maana majina ya wasiomaliza ahadi yanasomwa kwa kipaza sauti. Anaanza kwa kuchelewa ili asikae mbele. Kisha anakuja ibada ya kwanza tu, isiyo na matangazo marefu. Kisha haji. Nasi tunaandika: amepoa kiroho.

Hajapoa. Tumemfukuza kwa orodha.

Ezekieli 34:4 haikuandikwa kwa ajili ya wapagani. "Wagonjwa hamkuwatia nguvu, wala hamkuwaponya wenye maradhi… wala hamkuwatafuta waliopotea, bali kwa nguvu na kwa ukali mmewatawala." Hayo waliambiwa wachungaji wa Israeli, na mzee wa kanisa anayesoma orodha ya wadaiwa madhabahuni ajisomee na huo mstari. Jengo ni jema. Bati ni jema. Hakuna anayesema tusichangie. Waliompokea Kristo kwa kweli hutoa, na wengine hutoa kupita uwezo wao. Ila mtu asiyejuliwa hali hana sababu ya kuamini kwamba unayemtaka ni yeye na siyo mfuko wake. Toeni orodha ya majina madhabahuni. Jumla itangazwe, deni la mtu libaki kwake na kwa mhazini, na ahadi ya aliyepatwa na msiba au hasara ifutwe na baraza, aambiwe ana kwa ana kwamba imefutwa. Hapo ndipo uzi uliooza unapokatwa. Usipoukata, hata ukituma wajumbe ishirini kumtembelea, watakuwa wanafunga fundo kwenye uzi mbovu.

Sasa sindano. Daftari la kujuliana hali halihitaji kompyuta. Daftari la kaunta linatosha, ukurasa mmoja kwa kila kaya. Andika majina ya wote nyumbani, pamoja na watoto na mfanyakazi. Andika kazi na zamu, na kama ni mvuvi, yuko kisiwa gani wakati wa giza. Andika simu mbili, yake na ya mtu wa karibu, maana simu ya mvuvi huzimika siku nyingi. Andika mtaa pamoja na alama: huko Igogo na Mabatini nyumba zimepanda mlimani juu ya mawe, na bila "ngazi za pili, mlango wa bluu, ulizia mama wa maandazi" utazunguka mpaka taa ziwake. Mithali 27:23 inatuagiza tufanye bidii kujua hali ya makundi yetu, na katika nchi hii ya Wasukuma hakuna mchungaji wa ng'ombe anayejua tu kwamba ana ng'ombe arobaini. Anamjua mwenye baka jeupe ubavuni, na jioni asipomwona hahitaji kuhesabu.

Ujuzi huo haupatikani ibadani penye watu mia mbili. Unapatikana kwenye kundi la nyumbani, liitwe seli, jumuiya au zoni. Kaya tano hadi saba zinatosha, watu wazima kama 12. Likifika 15 wanaohudhuria kila juma, gawanyeni, na kiongozi wa kundi jipya awe ameshakaa msaidizi angalau miezi sita. Makundi mengi yanakufa kwa sababu mbili: kikao kinapita saa moja na nusu, au mwenyeji analazimika kupika. Chai au maji, basi. Anayetaka kukaanga sato afanye siku nyingine, naye atualike.

Kiongozi wa kundi ndiye anayeona pengo. Jumapili ya kwanza mtu asipoonekana, ujumbe mfupi jioni ileile: "Hatujakuona leo, mko salama?" Usiulize kwa nini. Jumapili ya pili, simu, sauti yenyewe. Kabla ya Jumapili ya tatu, watu wawili wapige hodi. Ukingoja mwezi wa pili, aliyeondoka ameshazoea Jumapili nyingine na aibu imeota mizizi. Kumrudisha kutakugharimu mara kumi. Mchungaji aende kwa waliolazwa, waliofiwa na wenye jambo la siri. Akitaka kuwatembelea wote peke yake ataugua kabla ya Pasaka. Yethro alimwambia Musa hivyohivyo, akamshauri aweke viongozi, hata wa watu makumi makumi.

Mnapokwenda, nendeni wawili, mmoja wa rika lake. Msiende na mjumbe wa kamati ya ujenzi. Msibebe bahasha wala kadi ya mchango, hata ya harusi. Kaeni. Kwa mzee wa Kisukuma salamu peke yake ina sehemu zake, msiikate. Ulizeni habari za watoto, za mzigo, za ziwa. Msimsomee andiko la kumsuta. Akisema aliumizwa na fulani, msimtetee fulani. Sikilizeni mpaka mwisho, ombeni kwa dakika mbili kwa kulitaja lile alilosema, mwondoke kabla hajachoka. Alilolisema lisiwe ombi kwenye kikao cha kundi bila ruhusa yake. Hapo ndipo makundi mengi yanapogeuka kijiwe cha umbea, na mtu akishajua habari zake zilifika sokoni Mwaloni kabla yake, hafungui mlango tena.

Akirudi, msimkaze. Yule fundi wa nyavu anapima jicho jipya lilingane na majirani zake. Sisi mtu akirudi leo, Jumapili ijayo tunamsimamisha kutoa ushuhuda, ya pili yuko kwaya, ya tatu ni mjumbe wa kamati, ya nne hayupo. Mwacheni akae mabenchi ya nyuma, na mtu mmoja anayempenda akae naye.

Wenye makanisa madogo ng'ambo ya Sengerema, kisingizio cha kusubiri kivuko tulikuwa nacho miaka mingi. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 tu za maji, mtu anavuka kwa dakika chache. Mitaa isiyofikiwa na mchungaji miezi minne haiwezi tena kuambiwa habari za foleni.

Kwa juma hili kila kiongozi wa kundi achague majina 10 ambayo hajayaona tangu mwezi uliopita, ayaandike kwenye karatasi, ayaombee kwa jina kila asubuhi, na ifikapo Jumamosi awe amewapigia wote. Walioko Goziba, Ukara na kambi nyingine za dagaa msiwapigie asubuhi, ndiyo kwanza wanalala. Wapigieni saa tisa alasiri, wakiwa wanaandaa taa, kabla mitumbwi haijashuka majini.