Usikanyage, hapo pana jina

Juzi tulikuwa tunashusha vitu ukutani ili fundi apake rangi kabla ya Idd. Kalenda ya msikiti ya mwaka jana ikachomoka kwenye msumari, ikaanguka sakafuni, na kitindamimba wangu akapita juu yake miguu peku, ndoo mkononi. Mama akapiga ukelele kutoka jikoni: "Usikanyage! Hapo pana jina."

Mtoto akaganda, mguu mmoja juu. Akayatazama yale maandishi ya Kiarabu, akamtazama bibi yake, kisha akanigeukia. "Mama, kwani jina linaumia?"

Mama akaiokota kalenda, akaipangusa kwa pindo la kanga, akaiweka juu ya kabati. Mimi nikabaki na msumari wangu mkononi. Kimawazo nilikuwa nimeshafika Berlin, Ujerumani, mtaa wa Brunnenstraße, jioni ile ya Novemba.

Ni ile siku niliyozunguka peke yangu, mwenyeji wangu, mkazi wa kitongoji cha Wedding, alipokwenda kazini. Usiku wa kuamkia siku hiyo alinichorea njia kwenye daftari: anzia lango la Brandenburg, fuata Unter den Linden, pita kisiwa cha makumbusho, malizia kwenye mnara wa televisheni. Alinipangia mambo makubwa ya mji, ambayo kila mgeni huonyeshwa. Mimi nikaongeza sehemu tatu kwa penseli. Hakuniuliza kwa nini.

Langoni sikukaa. Ni zuri kweli, nguzo zake 12, na juu kuna gari la farasi wanne ambalo Napoleon aliwahi kulibeba hadi Paris. Lakini baridi ilikuwa inanipenya kwenye mifupa, na sehemu yangu ya kwanza ilikuwa karibu, Wilhelmstraße namba 92. Hapo ndipo ulipofanyika ule mkutano wa kugawana Afrika, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Jumba lenyewe halipo. Pana majengo ya fleti, maua ya baridi kwenye baraza, na kibao cha maelezo kando ya njia. Nilikisoma chote. Mkutano ulifungwa tarehe 26, na kesho yake, tarehe 27, Kaizari wa Ujerumani akatia saini hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, mtafuta makoloni wa Kijerumani: Usagara, Nguru, Uzigua, Ukami. Bibi yangu mzaa baba ni Mzigua. Nilisimama pale nikimfikiria mama yake bibi yake, mwezi ule wa Februari, huenda alikuwa shambani akipalilia, na hapa mtu mzima na ndevu zake anachovya kalamu kwenye wino.

Nikaendelea. Uwanja wa Bebelplatz, pale Wanazi walipochoma vitabu mwezi Mei 1933, kuna kioo sakafuni na chini yake chumba cheupe chenye rafu tupu. Ng'ambo ya barabara ni chuo kikuu. Nikavuka mto, nikapanda na Friedrichstraße, nikashika Invalidenstraße mpaka makumbusho ya viumbe. Sehemu ya pili.

Mnajua aliyeko mle. Ni yule mjusi wetu wa kale kutoka Tendaguru, Lindi. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na watu, kwa miguu, mpaka pwani, ikapakiwa melini. Amesimama katikati ya ukumbi, mita 13.27 kwenda juu. Kumwona kichwa lazima urudi nyuma mpaka shingo ikuume. Watoto wa shule walikuwa wamelala chali sakafuni wakimtazama, nami nikatamani kulala nao. Hata hivyo sikuwa na raha. Yeye nilimwona. Waliombeba vichwani sikuwaona.

Nikatoka saa tisa unusu. Jua la huko mwezi huo haliwahi kukaa, saa kumi na robo mji ulikuwa umeshaingia giza. Nilifuata Invalidenstraße mpaka inapokutana na Brunnenstraße, nikakata kulia, nikaanza kuhesabu namba za nyumba. Sehemu ya tatu.

Nilikuwa nikitafuta mtu wa Dar es Salaam. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar mwaka 1904, baba yake askari wa Wajerumani. Vita vya kwanza vilipoanza naye akaingizwa jeshini, mtoto wa miaka 10. Akajeruhiwa Mahiwa mwaka 1917, hukohuko Lindi ilikotoka mifupa ile. Mwaka 1929 akaja Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Wakamwambia amechelewa. Akabaki. Alihudumia mezani, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, pale nilipopita mchana ule. Mwaka 1937, mjusi wa Tendaguru aliposimamishwa ukumbini, yeye alikuwemo mjini humohumo. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata, wakamshutumu kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mzungu, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Akafa huko tarehe 24 Novemba 1944.

Namba 193. Niliangalia ukutani kwanza. Nikaangalia mlangoni, juu ya mlango, kando ya kengele. Hakuna kitu. Nikarudi nyuma hatua mbili ili nione vizuri, na hapo ndipo nilipotazama chini, nikamwona karibu na kisigino changu.

Ni kipande cha shaba ya manjano, mraba, upana wa kiganja, kimezikwa kwenye mawe ya njia ya waenda kwa miguu. Wenyewe wanayaita mawe ya kujikwaa. Yako maelfu kwa maelfu Ulaya nzima, kila moja mbele ya nyumba alikoishi mtu kabla ya kuchukuliwa. Nilikuwa nimesoma habari zake na nilijua yako chini. Ila kujua ni jambo moja, na kuliona jina la Mohamed limelala pale, lina tope la viatu na jani bovu la mti limeligandia juu, ni jambo jingine kabisa. Nilishtuka kama nilivyokuwa nikishtuka utotoni Mama alipopiga ukelele.

Nikachutama. Nikalibandua lile jani. Sikuwa na kitambaa, nikachukua ncha ya mtandio, nikaitemea mate kidogo, nikasugua. Shaba iliyo baridi hivyo inauma vidole. Herufi zikaanza kutoka moja moja: *Hier wohnte*, hapa aliishi. Mahjub. Bin Adam. Nilisoma Fatiha hapohapo nimechutama, watu wakipita. Nilipoinuka nikashindwa kuondoka. Kila nikitaka kwenda naona kiatu kinakuja. Basi nikafanya kitu ambacho mpaka leo sijui nikiite nini. Nikasimama na jiwe katikati ya miguu yangu, ili watu wanizunguke mimi.

Wakanizunguka. Mwenye baiskeli, mwenye mbwa, baba na kigari cha mtoto. Hakuna aliyesema neno. Vidole vya miguu vilikufa ganzi mpaka nikawa sivisikii tena. Kisha akaja mama mmoja wa makamo, mfuko wa mkate kwapani, funguo mkononi. Mlango ule ulikuwa wake. Akaniangalia, akaangalia chini, akaelewa. Akainama, akasoma kwa sauti, kwa shida: "Mach-jup."

"Mahjub," nikamwambia.

"Majub."

"H. Vuta pumzi kidogo. Mah. Jub."

Alilirudia mara nne, mfuko wa mkate umemtelemka mpaka kiunoni, uso umemkaza kama mtoto anayesoma juzuu. Mara ya nne ilitoka sawasawa, kama angeitwa na mtu wa Kariakoo. Akaniuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza kama mtu huyu ni wa kwetu. Nikasema ni wa kwetu, alizaliwa mjini kwangu. Akaniambia anakaa nyumba hiyo miaka mingi na jina hilo alikuwa hajalitamka hata siku moja. Hakuomba radhi, nami sikutaka aniombe. Akasogea pembeni, akapita bila kulikanyaga, akaingia ndani. Taa ya ngazi ikawaka.

Mwenyeji wangu aliponisikiliza usiku ule alinieleza kwamba hata kwao suala hili halijaisha. Mji wa München uliyakataa mawe haya kwenye ardhi yake mwaka 2004, kwa sababu wapo waliosema majina ya waliouawa yasiwekwe kwenye nyayo za watu. Huko majina huwekwa ukutani au kwenye nguzo. Wanaoyatetea wanasema anayetaka kusoma lazima ainame, na kuinama ni heshima. Nilikubaliana na wote wawili, na hilo ndilo linalonisumbua. Lingekuwa ukutani, yule mama asingeinama. Lakini lingekuwa ukutani, kisigino changu kisingelifikia. Mifupa ya mjusi tumeipandisha mita 13 hewani, na mwalimu wa Kiswahili tumemlaza njiani. Kisha tena najiuliza, wale wabebaji wa Lindi hata njiani hawapo.

Hayo yote nilimsimulia kitindamimba juzi, tumekaa juu ya ndoo za rangi, kwa maneno anayoyaweza. Nikamwambia lilikuwepo jina la mtu wa Dar chini, kwenye nchi ya baridi, nami nikalisafisha kwa mtandio. Alisikiliza vizuri. Akatazama juu ya kabati, ilipo kalenda.

"Halafu?"

"Halafu nikaenda zangu nyumbani, baridi ilizidi."

"Ukamwacha palepale?"

Fundi alikuwa ameshagonga hodi. Nikainuka kumfungulia.