"Daktari, sasa hampimi damu?" Siku moja wodi ya watoto, Nairobi

Saa 12:15 asubuhi. Matatu imekwama Jogoo Road. Nalala.

Saa 2:30. Raundi. Kitanda cha 7, mvulana wa miezi 5: kikohozi, kamasi, kifua kinapiga filimbi. Oksijeni asilimia 94, ananyonya vizuri. Ni bronkiolaitisi, uvimbe wa vijia vidogo vya hewa mapafuni, kazi ya kirusi. Interni wangu, daktari aliye mafunzoni, ameagiza eksirei ya kifua na hesabu kamili ya damu.

"Eksirei ikionyesha kivuli, utafanya nini?"

"Nitaanza antibiotiki."

Basi hapo ndipo mtego ulipo, maana vivuli vidogo ni vya kawaida kwa ugonjwa huu na antibiotiki haiui kirusi. Tumefuta vyote viwili.

Mama yake hakupenda. "Daktari, sasa hampimi damu?" Simlaumu. Mji huu ukipata homa tu, unatoka kliniki na karatasi ya "malaria na taifodi". Nikamwambia, "Mama Jayden, nimempima. Nimehesabu pumzi zake dakika nzima, wewe ukiona." Akanitazama tu.

Saa 4:00. Kitanda cha 2, kichanga cha kilo 3. Mikono yote ina alama za sindano, plasta ndogo juu ya plasta. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo, kwa hiyo damu yake yote haijazi chupa ya soda ya 300. Nani anamtoboa hivi? Nikafungua faili. Majibu ya chumvi za damu ya juzi yamo, ya kawaida kabisa, hayajasomwa. Sahihi ya aliyeagiza ni yangu.

Chakula cha mchana: chapati moja, nimesimama.

Saa 8:00. Msichana wa miaka 3 ametoka kwa nyanya yake Siaya, kwenye malaria nyingi, ana homa. Huyu lazima apimwe malaria. Ila alimaliza dawa ya malaria wiki iliyopita, na kile kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya wadudu kufa. Tukaomba darubini. Hakuna mdudu. Mkojo, uliochukuliwa kwa usafi, umejaa usaha: ni maambukizi ya njia ya mkojo.

Saa 10:40. Mtoto ameletwa akidegedeka. Hapa hakuna mjadala: tone la damu kidoleni, sukari 1.9, chini mno. Dekstrosi ikaingia, damu ya kuotesha bakteria maabara ikachukuliwa, antibiotiki ikafuata papo hapo. Alipozinduka tukataka kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, tutafute homa ya uti wa mgongo. Baba akakataa katakata. Jirani alimwambia ile sindano inaua. Nikakaa naye kwenye benchi nusu saa, nikamchorea mgongo kwenye karatasi ya glavu.

Saa 1:10 jioni. Ametia sahihi. Matone yanashuka polepole, meupe kama maziwa yaliyozimuliwa, wakati yangepaswa kuwa angavu kama maji. Interni ameifunika chupa, ameifumbata kiganjani, anakimbilia maabara mwenyewe.