Moshi wa bluu baada ya kufunga tabo kubwa kwenye Starlet

Gari ni Starlet Glanza V, injini 4E-FTE ya cc 1331. Tabo yake ya kiwandani, CT9 (tabo ni mtambo unaosukuma hewa zaidi kwenye injini), ilishachoka, nikafunga TD04 iliyotumika, kubwa zaidi. Tuliifunga mimi na fundi wangu uani, Ngamiani, Tanga, kwa siku mbili.

Siku ya tatu balaa. Nikienda kasi barabara ya Pongwe, safi. Nikisimama injini ikiwa inanguruma tu, dakika tano hazipiti, moshi wa bluu umejaa mtaa. Kila aliyepita alisema tabo imekufa. Nikavua mpira wa hewa, nikatikisa shafti ya tabo kwa kidole: haigusi ukuta hata kidogo. Basi tabo ni nzima.

Oili huingia kwenye tabo kwa presha, lakini hutoka kwa kuteremka yenyewe hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Njia ya kurudi ikiziba, oili inajaa na kupenya kwenye sili hadi kwenye ekzosi.

“Fundi, tuvue mpira wa chini, wa kurudisha oili.”

“Haya kaka.”

Tuliukata mrefu mno, ukalegea na kufanya tumbo. Zaidi ya hapo, silikoni nyekundu tuliyopaka kwenye gasketi ilikuwa imejikunja ndani ya tundu, imeziba karibu nusu. Nilisikitika sana kuiona.

Tukapunguza mpira sentimita 4 ushuke moja kwa moja, tukaweka gasketi kavu, tukaosha intakula, kipoza hewa ya tabo. Ilitoa moshi kama dakika ishirini, ikimaliza oili iliyobaki kwenye ekzosi, kisha kimya. Nimekwenda Muheza na kurudi, oili kwenye kijiti haijashuka.