Ninavyowahi meli na kontena la maparachichi

Watu wakisikia nasafirisha maparachichi kwa meli, huuliza habari za soko: nani ananunua, analipaje. Kichwa changu kimeumizwa zaidi na kile kipande kati ya ghala la kufungashia na geti la bandari.

Ratiba yangu huanzia mwisho. Tarehe ya meli kung'oa nanga siishughulikii sana. Ninachokariri ni saa ambayo bandari inafunga kupokea makontena ya meli hiyo, maana ukichelewa hapo umeachwa, hata kama meli bado iko gatini na unaiona kwa macho yako. Toka saa hiyo nahesabu kurudi nyuma: mwendo wa lori, forodha, kupakia, kupoza, kuchuma. Siku ya kuchuma huamuliwa na meli, na kuwazoesha wakulima jambo hilo kulihitaji uvumilivu.

Kuhusu friji, wengi hudhani kontena la baridi litapoza chochote utakachotia ndani. Limeundwa kutunza ubaridi ambao mzigo tayari unao. Parachichi lililotoka shambani linatakiwa lipozwe kwanza kwenye chumba cha baridi mpaka nyama yake ikaribie nyuzi 5 za Selsiasi. Kwa hiyo wakati wa kupakia nasimama mlangoni na kipimajoto cha sindano, nachoma tunda la katikati ya paleti, yaani jukwaa la mbao lililopangwa maboksi. La pembeni hudanganya.

Kuna msimu paleti mbili za mwisho zilisoma nyuzi 11. Wakala wa forodha akatazama saa yake.

"Bosi, zipakie tu, zitapoa njiani."

"Hazipoi hizo. Zirudisheni."

Tunda lenye joto hupumua haraka, hutoa joto jingine pamoja na gesi ya etilini, na etilini huivisha hata yale yaliyopozwa vizuri. Pale zilipopungua paleti tulifunika sakafu kwa kadibodi nzito. Hewa baridi hutoka chini, kwenye mifereji ya sakafu, na ikipata mwanya mtupu hupitia hapo badala ya kupanda katikati ya maboksi. Kwa sababu hiyo hiyo maboksi hayavuki ule mstari mwekundu ukutani. Juu yake ni njia ya hewa kurudi kwenye mashine.

Paleti zenyewe nazikagua kabla hazijabeba kitu. Mbao lazima ziwe zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 hadi kiini cha ubao kwa dakika 30 mfululizo, na ziwe na muhuri wenye alama ya suke la ngano. Muhuri uliofutika ni sawa na kukosa muhuri.

Makaratasi sitayaeleza kwa kirefu: cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili, ankara, orodha ya maboksi. Namba ya kontena na ya lakiri, ile inayofunga mlango wake, ziandikwe vilevile kila mahali. Uzito uliothibitishwa wa kontena lililopakiwa nautuma mapema. Tangu Julai 1, 2016, kanuni za kimataifa za usalama baharini haziruhusu kontena kupakiwa melini bila huo.

Lori likianza safari, dereva hunitumia picha ya skrini ya mashine kila anaposimama. Natazama joto, na alama iliyo mbele ya namba. Mtu akibonyeza vibaya, 5 ikawa hasi 5, maparachichi yataganda na kushushwa yakiwa mawe. Likishaingia getini namsumbua wakala mpaka anithibitishie kwamba limechomekwa umeme wa bandari, kwa sababu jenereta ya lori huondoka na lori.

Baada ya hapo nasubiri rasimu ya hati ya shehena. Naisoma herufi kwa herufi, hasa jina la mpokeaji na kiwango cha joto, kisha ndipo nairuhusu kampuni ya meli itoe hati halisi.