Kumbukumbu ya mradi: papi kumi za kuhesabia

Siku ya 1. Zana hii ya kumfundishia mtoto kuhesabu asili yake ni Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907. Ni miti 10: mfupi sentimita 10, mrefu mita 1, kila mmoja ukizidi mwenzake kwa sentimita 10. Jumla sentimita 550. Zimenunuliwa papi mbili za paini, inchi 1 kwa 2, urefu futi 12. Ya kwanza itatoa 100, 90, 80, 70 na 20. Ya pili 60, 50, 40, 30 na 10, na kipande kirefu cha akiba. Paini mbichi hupinda ikikauka, kwa hiyo zimelazwa kivulini wiki nzima kabla ya kukatwa.

Siku ya 8. Kukata. Seti nyingi huharibikia hapa. Msumeno hula kama milimita 2 kila unapopita, kwa hiyo ukichora alama zote kwa mpigo, vipande vitapunjika. Pima, kata, pima upya. Papi ya 3 (ya sentimita 30) imekatwa mara ya pili kutoka kwenye akiba, maana ilipounganishwa na ya 7 haikufika kwenye 10. Mtoto huamini macho yake, na ana haki.

Siku ya 9 hadi 12. Msasa namba 120, kisha 220, hasa kwenye kona. Rangi iwe isiyo na madini ya risasi. Soma kopo, usikubali maneno ya muuzaji. Nyekundu na bluu zinapishana kila sentimita 10, nyekundu ikianza. Nyekundu ilipenya chini ya tepu ya karatasi. Dawa yake: sugua ukingo wa tepu kwa ukucha, paka nyembamba, bandua kabla haijakauka kabisa.

Siku ya 15. Mkekani, na mkeka uzidi mita 1 kila upande. Mtoto abebe papi moja moja kwa mikono miwili, apange ngazi. Kisha achukue ile fupi kabisa, aiweke mwisho wa kila moja: kila mara inaziba pengo lilelile. Mpe muda hapo, usimharakishe kuhesabu.

Akianza kuhesabu, aguse kila kipande cha rangi, na sisi vipande hivyo tunaviita “sehemu”. Hili si dogo. Kwa vizibo vya soda tunasema viwili, vitatu, vinane, lakini sita, saba, tisa na kumi hazigeuki. Mtoto aliyezoea kuimba “moja, mbili, tatu” akisikia “viwili” anaweza kudhani ni namba nyingine. Sehemu mbili, sehemu tatu, sehemu nane: namba inabaki kama anavyoiimba. Vizibo vitakuja baadaye.

Namba hazitaandikwa kwenye papi. Mtoto akiona 7 imechorwa, anaacha kuhesabu. Zitakaa kwenye kadi peke yake, zimekatwa kwa msasa laini ili azifuatishe kwa kidole. Mpaka leo zimebandikwa 1 hadi 6. Gundi ya 4 imeachia kwenye kona, itarudiwa.